Mshambuliaji Katika Kumbukumbu za Watu: Uhakiki wa Masimulizi ya Mashabiki wa Shinyanga na Geita

Wahakiki wetu wamezoea kuutafuta utamaduni wa taifa katika ngoma, methali, tenzi, hadithi na maigizo. Jambo hilo ni jema, na kazi yake haijaisha. Lakini yako masimulizi mengine ambayo wananchi huyasikia mara nyingi zaidi kuliko tenzi, nayo ni nadra kuyakuta darasani au katika vitabu vya uhakiki. Hayo ni masimulizi ya mashabiki wa kandanda kuhusu wachezaji waliowapenda. Kijana wa kidato cha pili asiyeweza kutaja beti mbili za utenzi wowote aghalabu anaweza kueleza, hatua kwa hatua, bao lililofungwa kabla hajazaliwa. Hakuliona, wala hakulisoma kitabuni, amesimuliwa. Basi hiyo ni fasihi simulizi, na ikiwa ni fasihi simulizi, yapasa ipimwe kwa vipimo vile vile tunavyotumia kuipima ngano au wimbo wa jando.

Katika insha hii tunakusudia kuyatazama masimulizi ya mashabiki wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kuhusu mshambuliaji, yaani yule mchezaji wa mbele ambaye kazi yake ni kufunga. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake ni moja: Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 ulimegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na hata leo watu huhama kutoka machimbo ya upande mmoja kwenda ya upande mwingine na masimulizi yao. Pili, ni sehemu iliyotoa wachezaji na kuviona vilabu vyake vikipanda na kushuka katika muda mfupi, hata mara nyingi kilichobaki mikononi mwa watu ni kumbukumbu tu. Tutauliza mambo matatu: kumbukumbu hizo hushika nini, huacha nini, na kuacha huko kunatugharimu nini.

Yafaa tuanze na udongo ambamo ushabiki huu ulipandwa. Msukuma hakuletewa ushabiki na kandanda. Kabla mpira wa miguu haujaenea, wakulima wa Usukumani walikuwa wamekwisha gawanyika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyofuata majina ya waasisi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi mawili hushindana mahali pamoja na kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na manju wake, nyimbo zake na dawa zake. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Mwamuzi ni umati wenyewe: kundi linalowavuta watazamaji wengi upande wake ndilo lililoshinda. Manju hodari ni yule anayejua kumwinua aliye wake na kumshusha mpinzani kwa maneno makali ambayo watu watayarudia mwaka mzima.

Mwenye kuyajua hayo hatashangaa kuona namna kandanda ilivyopokewa. Simba na Yanga zilipoligawa taifa katika pande mbili, watu wa huku walikuwa na desturi tayari ya kuwa na upande. Klabu ya Stand United ya Shinyanga, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ilichukua jina lake kutoka stendi ya mabasi, na mashabiki wakaitwa wapiga debe. Jina hilo lastahili kuzingatiwa. Mpiga debe ni mtu anayeishi kwa sauti. Kazi yake ni kumvuta msafiri aache basi lile apande hili. Ni kazi ya manju katika mazingira ya mjini. Kwa hiyo shabiki wa Shinyanga anaposimulia juu ya mshambuliaji wake hatoi taarifa tu, bali anavuta umati. Hapo ndipo penye nguvu ya masimulizi haya, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake.

Tuchukue mfano wa kwanza. Edibily Lunyamila alichezea Biashara ya Shinyanga kabla hajajiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Alikuwa mshambuliaji wa pembeni, mwenye mbio na chenga, aina ya mchezaji anayewafanya watazamaji wasimame kabla mpira haujamfikia. Mwaka 1993 Yanga ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala kwa kuifunga SC Villa, wenyeji wa mji huo, mabao 2–1. Lunyamila alifunga moja, na jingine lilifungwa na Said Mwamba, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kizota.

Ni watu wangapi wa Shinyanga walioliona bao lile? Ni wachache mno. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mashabiki walikuwa na Radio Tanzania, magazeti yaliyofika kwa kuchelewa, na maneno ya wasafiri. Hata hivyo, bao hilo husimuliwa kana kwamba msimuliaji alikuwa amesimama nyuma ya goli. Mhakiki mwenye haraka atasema huo ni uongo. Sisi hatukubaliani naye. Mtu aliyesikiliza redio miaka ile hakusikia habari tu. Alijengewa uwanja mzima masikioni mwake. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa na kipawa cha kumfanya msikilizaji ajue mpira uko upande gani na nani anamkaribia nani. Mtangazaji alikuwa mtunzi wa kwanza wa bao. Shabiki aliyelipokea na kulipeleka kijiweni alikuwa mtunzi wa pili. Na mtoto wake anayelisimulia leo ni wa tatu. Ndivyo zilivyosafiri ngano zetu zote.

Mwanafunzi akisikiliza kwa makini ataona mbinu za sanaa zilivyo wazi. Msimuliaji huanza kwa wakati uliopita, lakini mpira unapofika miguuni mwa shujaa, kitenzi hubadilika ghafula kuwa cha wakati uliopo. Hasemi tena kwamba alichukua mpira na akampita beki. Husema anachukua, anamtoka, anaingia, anatazama. Yaliyopita hurudishwa mbele ya macho. Kisha huja takriri, ambayo hurefusha mbio zilizochukua sekunde chache tu, na baada yake tanakali ya sauti ya shuti. Aghalabu vifuniko vya soda hupangwa mezani kuwa mabeki, na kikombe cha kahawa huwa golikipa. Mikono, mabega na miguu ya msimuliaji hufanya kazi sawa na ulimi wake. Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana tofauti ya fasihi simulizi na fasihi andishi hana haja ya kwenda mbali.

Aidha, kumbukumbu ya aina hii hushika jambo ambalo kitabu cha matokeo hakiwezi kulishika, nalo ni namna. Kitabu kitasema nani alifunga na dakika ya ngapi. Shabiki atakuambia mchezaji alivyoinamisha bega, alivyousubirisha mpira, alivyomwangalia beki usoni. Hiyo ndiyo elimu ambayo kijana anayejifunza kucheza aliihitaji, na kwa miaka mingi aliipata kwa masikio.

Lakini sanaa ikiachwa bila uhakiki huzoea njia rahisi. Njia rahisi ya kwanza ni ile ya kutia chumvi. Wengi wetu tumesikia kisa cha mshambuliaji ambaye mguu wake mmoja ulipigwa marufuku kwa sababu mashuti yake yaliua au kujeruhi, akalazimika kuufunga kitambaa chekundu kuwaonya wapinzani. Kisa hicho husimuliwa juu ya wachezaji wengi, katika miji mingi na nchi nyingi, na kila mji huapa kwamba ni wa kwao. Hapana kanuni ya mchezo huu inayomkataza mtu kutumia mguu wake. Ni kisa kinachohama, kama vile hila za sungura zinavyohama kutoka kabila hadi kabila. Hatuna ugomvi nacho kikisimuliwa kama ngano. Ubaya wake ni kwamba humwondolea mchezaji sura yake mwenyewe. Mguu wenye kitambaa chekundu ukishavalishwa kila mshambuliaji, hapabaki tena tofauti kati ya mmoja na mwingine. Yule aliyekuwa na akili ya kupiga mpira wa chini kwenye kona ya goli, na yule aliyeruka kwa kichwa, wote hugeuka kuwa mtu mmoja mwenye shuti la kuua. Sifa isiyo na mipaka humfuta mwenye kusifiwa.

Njia rahisi ya pili ni kuupunguza mchezo wa watu 11 hadi ukawa wa mtu mmoja. Mfano mzuri ni ule mchezo wa tarehe 10 Agosti 1974 katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ambao wazee wa Kanda ya Ziwa bado huutaja kwa majivuno kwa kuwa Simba na Yanga zilikuja kumalizana huku. Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu. Yanga ikasawazisha mchezo ukiwa karibu kwisha kwa bao la Gibson Sembuli, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara, aliyepewa jina la Kompyuta, akafunga la ushindi, 2–1. Sembuli na Manara wamebaki katika vinywa vya watu. Sabu je? Naye alifunga katika mchezo ule ule, mbele ya umati ule ule. Aliyefunga upande ulioshindwa huachwa katika kumbukumbu, ingawa bao lake ndilo lililofanya la kusawazisha liwe tamu.

Taifa zima lina tabia hiyo hiyo. Tarehe 26 Agosti 1979, mjini Ndola, Peter Tino alifunga bao lililotupatia sare ya 1–1 na Zambia na kutupeleka Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Ilipita miaka 39 kabla hatujafuzu tena, mwaka 2019. Ni haki kabisa bao hilo likumbukwe. Lakini sare ile ilitosha kwa sababu tulikuwa tumekwisha shinda 1–0 Dar es Salaam, na kwa sababu walinzi walisimama imara ugenini mpaka filimbi ya mwisho. Masimulizi huanza na kumalizika na mguu wa mtu mmoja. Kijana akilelewa na masimulizi ya namna hiyo tu, atataka kuwa Tino. Hatataka kuwa beki, na hatajua kwamba pasipo beki Tino asingekumbukwa.

Sasa tuje Geita, ambako tunakuta kumbukumbu ya aina nyingine. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Mshambuliaji wake, George Mpole, alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimzidi kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Timu ilishika nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Baadaye Mpole akavuka mpaka kwenda kuchezea Lupopo ya Lubumbashi, na mwaka 2024 Geita Gold ikashuka daraja.

Mabao hayo hayakusimuliwa kwanza, yalionekana. Televisheni iliyaonyesha na simu za mikononi ziliyahifadhi. Matokeo yake ni kwamba shabiki wa Geita hana sababu ya kupanga vifuniko mezani. Akiulizwa juu ya Mpole hujibu kwa namba: 17 kwa 16. Katika mji ambako dhahabu hupimwa kwa gramu na mizani isiyo sawa huzua ugomvi, si ajabu kwamba namba ina heshima. Nayo ina faida zake. Haitiwi chumvi, hata shabiki wa Yanga hawezi kuibishia. Inasema wazi kwamba mchezaji wa mji wa machimbo, katika timu iliyopanda mwaka ule ule, aliwapita washambuliaji wa vilabu vikubwa vya Dar es Salaam. Hata hivyo, namba hujibu swali na kulifunga hapo hapo. Haimwambii kijana mpira ulitoka kwa nani, wala mfungaji alisimama wapi ili aupate. Baada ya miaka 30, mtu wa Shinyanga atakuwa na bao la Lunyamila lenye chumvi nyingi lakini lililo hai. Mtu wa Geita atakuwa na namba ya kweli isiyo na mtu ndani yake, isipokuwa kama kuna atakayesimulia sasa.

Aina hizi mbili, ile ya sikio na ile ya namba, zinatofautiana katika mengi, lakini kasoro yao kubwa ni moja, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike insha hii. Zote mbili humwanza mchezaji pale alipoonekana na wengine. Lunyamila wa kumbukumbu ni Lunyamila wa Yanga na wa Kampala. Biashara ya Shinyanga hutajwa kwa neno moja, kama kituo ambacho basi lilipita bila kusimama. Mpole wa kumbukumbu ni wa jedwali la wafungaji. Pasi zilizomfikia hazina wenyewe. Elias Maguli alikuwa mchezaji wa Stand United, akicheza Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga, alipoifungia Taifa Stars bao la kwanza dhidi ya Algeria jijini Dar es Salaam tarehe 14 Novemba 2015. Mbwana Samatta akaongeza la pili, na mchezo ukaisha kwa sare ya 2–2. Siku tatu baadaye tulifungwa 7–0 kwao, na kipigo hicho kikayafunika yote. Ni mara ngapi basi tunasikia vijana wa Shinyanga wakisimuliwa kwamba siku ile Algeria ilitanguliwa kwa bao la mtu aliyekuwa akifanya mazoezi katika mji wao?

Tunaposema hivyo hatuwalaumu wachezaji kwa kuondoka. Mchezaji ana haki ya kutafuta riziki na sifa mahali zilipo. Lawama yetu iko kwa kumbukumbu. Watu wa sehemu hii wanajua vema maana ya kuondokewa na mali: almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Dakta Williamson mwaka 1940, na dhahabu ya Geita husifiwa zikiwa zimekwisha kufika mbali, na shimo lililobaki halina anayelisifu. Kuiga mtindo huo katika kumbukumbu zetu wenyewe ni kujipunja. Jiwe halina wenzake waliolipa pasi. Mshambuliaji anao: kiungo aliyemwona kabla hajajitokeza, mwalimu wa shule aliyempa mpira, mama lishe wa jirani ya uwanja aliyempikia kwa mkopo. Hao ndio waliobaki hapa, na ndio ambao masimulizi yetu hayawataji.

Gharama yake si ndogo. Stand United ilishuka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021, Geita Gold mwaka 2024. Klabu ikishuka, wachezaji hutawanyika, viongozi hubadilika, na karatasi hupotea. Kama historia yake haikuwamo katika vinywa vya watu, haimo popote. Kijana anayetaka kuijenga upya hana mahali pa kuuliza timu ilijengwaje, maana alichorithi ni jina la mfungaji peke yake. Hawezi kuijenga timu kwa jina la mfungaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ambayo shule yoyote ya sekondari ya Shinyanga, Kahama, Mwadui au Geita inaweza kuifanya bila fedha. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wake, kila mmoja kwa mzee au mama mmoja, wakachukue kisa cha bao moja. Kwanza wakiandike kisa jinsi kilivyosimuliwa, pamoja na takriri na chumvi yake, kwa kuwa hiyo ndiyo sanaa na haifai kuharibiwa. Kisha waulize maswali ambayo msimuliaji hakuyajibu: Wewe uliliona bao hili, ulilisikia redioni, au uliambiwa? Mpira ulitoka kwa nani? Golikipa wetu siku hiyo alikuwa nani? Mfungaji alianzia uwanja gani, na nani alimwona kwanza? Baada ya kuacha mpira, alirudi? Majibu hayo yaandikwe pembeni ya kisa, yasichanganywe nacho. Darasani wanafunzi walinganishe visa viwili vya bao moja, waone ni wapi vinakubaliana na ni wapi vinaachana, na waeleze sababu. Huo ni uhakiki kamili, na wataufanya kwa lugha wanayoipenda juu ya jambo wanalolipenda.

Yako mambo mawili ambayo mwalimu ajihadhari nayo. La kwanza, asiwageuze wanafunzi kuwa mahakimu wa kuwaumbua wazee kwa tarehe. Mzee aliyekosea mwaka anaweza kuwa amehifadhi kwa usahihi kabisa jina la kijana aliyempa Lunyamila mpira katika viwanja vya Shinyanga, na jina hilo ni adimu kuliko tarehe. La pili, asiwatume kwa wanaume peke yao. Wanawake waliouza chakula, maji na karanga kandokando ya viwanja waliwaona wachezaji wakija mapema na kuondoka wa mwisho, wakati ambapo shabiki alikuwa hajafika au amekwisha kwenda zake.

Upo mfano wa kufuata hapa hapa Usukumani. Padri David Clement alipokusanya vitu na ngoma za Wasukuma huko Bujora katika miaka ya 1950, wako ambao wangeweza kuona kwamba anakusanya mambo ya kawaida yasiyohitaji kuhifadhiwa. Leo mwanafunzi anayetaka kuwafahamu Wagika na Wagalu huenda Bujora. Masimulizi ya mashabiki nayo yanaonekana kuwa mambo ya kawaida kwa kuwa yanasikika kila siku. Lakini waliosikiliza redio mwaka 1974 na 1979 ni wazee sasa, na waliomwona Lunyamila akiwa bado katika jezi ya Biashara hawaongezeki. Kazi hii ina muda wake, na muda wenyewe ni wakati ambapo watu hao bado wanaweza kuulizwa.